Raundi ya 11 hadi ya 15: Wachezaji Waliodharauliwa Kwenye Drafti ya FPL na Namna ya Kuwaona Mapema

Drafti inayozungumziwa hapa si ile ya kete na ubao kijiweni. Ni mchezo wa pili wa Fantasy Premier League (FPL), ule wa mtandaoni wa kuchagua wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanayoyafanya uwanjani. Huu wa pili ulianza mwaka 2017, na wengi wanaocheza FPL ya kawaida hawajaufungua hata siku moja. Hakuna bajeti, na ndani ya ligi yenu kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Mwenzako akimchukua Haaland, wewe huna Haaland mpaka msimu uishe, isipokuwa mkubaliane kubadilishana. Hakuna nahodha wa kuzidisha pointi mara mbili wala chipu, yaani msaada maalumu wa kuokoa wiki mbaya. Kikosi kina watu 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Mnachagua kwa zamu katika raundi 15, kwa mtindo wa nyoka: aliyeanza raundi ya kwanza anakuwa wa mwisho raundi ya pili, halafu anaanza tena ya tatu.

Raundi tano za kwanza zinajiendesha zenyewe. Majina yanajulikana, na hata aliyelala akachaguliwa na mfumo hatatoka na kikosi kibovu. Kazi inaanzia raundi ya 10 na kuendelea, pale majina yanapoisha na watu wanaanza kumchukua yeyote anayetokea juu ya orodha. Hapo ndipo kuna mali, na sababu yake ni rahisi kueleza: orodha ya mchezo hupangwa zaidi kwa yale mchezaji aliyoyafanya msimu uliopita, ilhali pointi zitatoka kwenye kazi atakayopewa msimu huu. Mchezaji aliyedharauliwa ni yule ambaye kazi yake imebadilika na orodha haijajua.

Nafasi ipi itaadimika

Kabla ya kutaja jina lolote, piga hesabu ya nafasi. Ligi ya watu 8 huchukua wachezaji 120. Ligi Kuu ya England ina timu 20, kwa hiyo katika wiki moja wanaanza wachezaji 220. Kwa haraka utasema wapo tele, maana wanaobaki bila mwenyewe ni 100. Wagawe sasa kwa nafasi uone. Mabeki mnahitaji 40, na timu 20 zikianzisha wanne kila moja ni 80, nusu watabaki. Viungo mnahitaji 40, na hapa wapo wengi zaidi, kwa sababu mchezo huu huwaandikisha mawinga wengi kama viungo. Makipa mnahitaji 16 kati ya 20 wanaoanza. Washambuliaji mnahitaji 24, na timu nyingi siku hizi husimamisha mshambuliaji mmoja tu wa kati. Mnagombania nafasi 24 kwenye kundi la watu ishirini na ushei.

Mkiwa 12 hali inakaza zaidi. Mnahitaji makipa 24 na makipa wanaoanza ni 20, kwa hiyo kuna watu watakaolazimika kubeba kipa wa akiba ambaye hatagusa mpira. Washambuliaji mnahitaji 36.

Kutokana na hesabu hiyo, beki wa tano na kiungo wa tano hawana haja ya kukukosesha usingizi. Wanaofanana nao watajaa kwa wachezaji huru, yaani wasio na mwenyewe. Mshambuliaji wa pili ndiye wa kuwahi, kabla ya raundi ya 9 ikiwezekana, kwa sababu ukimpoteza huwezi kumwokota mwingine njiani. Wa tatu ni habari tofauti. Sheria za upangaji zinataka kipa 1, mabeki wasiopungua 3 na mshambuliaji asiyepungua 1, kwa hiyo unaweza kwenda msimu mzima na washambuliaji wawili uwanjani. Kiti cha yule wa tatu ni cha kubahatisha, na kibahatishwe kweli, si kujazwa na mtu anayeingia dakika ya 80 kila wiki akikuletea pointi 1.

Orodha inakumbuka, haioni mbele

Njia nzuri ya kuona orodha inavyokosea ni kuugawa msimu uliopita vipande viwili. Chris Wood wa Nottingham Forest ni somo zima. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 14, na mwaka uliofuata, kabla ya ligi kuanza, watu wengi walimwona mzee wa miaka 32 katika timu iliyomaliza ya 17. Ukiugawa msimu ule unaona jambo jingine. Desemba 2023 Forest walimleta kocha Nuno Espírito Santo. Tarehe 26 Desemba wakaenda Newcastle, timu aliyotoka Wood mwenyewe, akafunga mabao 3 na Forest wakashinda 3-1. Kuanzia hapo mfumo wa timu ulimhitaji: mipira ya haraka ya pembeni, krosi, na mtu mmoja mrefu katikati. Jumla ya msimu ilificha kwamba nusu ya pili ilikuwa ya mchezaji mwingine kabisa. Msimu wa 2024/25 akafunga 20.

Kwa hiyo unapofungua orodha mwezi Agosti, usianze na safu ya pointi za jumla. Anza na swali: timu hii ilibadilisha kocha lini, na mchezaji huyu alianza mechi ngapi tangu siku hiyo? Ukiona mtu aliyeanza mechi 3 kati ya 15 za mwanzo, kisha 20 kati ya 23 za mwisho, umepata mtu ambaye orodha inampa nusu ya thamani yake.

Hatua ya pili ni kugawa pointi kwa mechi alizoanza. Chukua viungo wawili wa mfano. Wa kwanza alianza mechi 34 akapata pointi 118, yaani kama 3.5 kwa mechi. Wa pili alianza 14 tu, labda aliumia au alisajiliwa Januari, akapata 70, yaani 5 kwa mechi. Orodha itamweka wa kwanza mbali juu ya wa pili. Lakini huyu wa pili akianza mechi 30, hata kiwango chake kikishuka hadi 4.3 kwa mechi, atamaliza na 129. Swali linalobaki ni moja: je, njia ya kuanza mechi 30 iko wazi? Aliyekuwa anampokonya namba ameuzwa? Amepona kweli? Kama jibu ni ndiyo kwa yote mawili, raundi ya 11 ni mapema ya kutosha kumchukua.

Hapa kuna mtego unaowanasa hasa wanaopenda takwimu. Ukigawa pointi kwa kila dakika 90, wachezaji wa akiba hupaa juu ya jedwali. Mtu aliyecheza dakika 240 msimu mzima akafunga mabao 3 ataonekana hatari kuliko straika yeyote. Alizipata dakika hizo akiingia dhidi ya mabeki waliochoka, mechi ikiwa imefunguka. Mwanzishe dakika ya kwanza, apambane na beki mwenye nguvu, na kiwango kile kinaanguka. Usiamini hesabu ya dakika 90 kwa mtu ambaye hajafikisha angalau dakika 900, yaani mechi 10 kamili.

Mtego wa upande wa pili ni bahati iliyokwisha kutumika. Takwimu ya mabao tarajiwa, ile inayoandikwa xG, hupima ubora wa nafasi alizopata mchezaji bila kujali kama alifunga. Beki aliyefunga 5 kutoka kwenye nafasi zenye thamani ya bao 1.8 hajagundua kipaji kipya. Mwache mwenzako amlipie. Mtafute yule wa kinyume chake: aliyefunga 4 wakati nafasi zake zilistahili 8, na bado anaanza kila wiki.

Mabeki wa kati wa timu zinazoteseka

Hili ndilo eneo lenye utajiri kuliko yote kwa sasa, na bado halijazoeleka. Kuanzia msimu wa 2025/26, FPL inatoa pointi kwa kazi ya ulinzi. Beki akifikisha matendo 10 katika mechi moja, ukijumlisha kuondosha mipira, kuzuia mashuti, kukata pasi na kumpokonya mtu mpira, anapata pointi 2. Kiungo au mshambuliaji anatakiwa kufikisha 12, ila yeye anahesabiwa pia mipira anayoirejesha kwa timu yake. Haizidi pointi 2 kwa mechi hata ukifanya matendo 25.

Pointi 2 zinaonekana ndogo mpaka uzifanyie hesabu. Beki anayefikisha kiwango hicho katika nusu ya mechi za msimu, yaani 19, anakusanya pointi 38. Kumaliza mechi bila kuruhusu bao kunampa beki pointi 4. Kwa hiyo zile 38 ni sawa na kutoruhusu bao katika mechi 9 na nusu, na amezipata hata siku timu yake ilipofungwa.

Tazama mechi moja kwa karibu. Timu ya chini inafungwa 0-2 ugenini. Beki wake wa kati amecheza dakika 90, ameondosha mipira 8 kwa kichwa na mguu, amezuia mashuti 3, amekata pasi 2. Jumla 13. Anapata 2 za kucheza, 2 za ulinzi, anakatwa 1 kwa sababu wamefungwa mabao mawili. Anabaki na 3. Siku hiyo hiyo beki wa pembeni wa klabu kubwa, aliyechukuliwa raundi ya 6, anatoka sare 1-1 na kutolewa dakika ya 70. Ana 2. Yule wa kwanza alikuwa bure.

Hivyo basi, kwa raundi za 12 hadi 15, beki unayemtaka ana sifa tatu: ni wa kati, hatolewi, na timu yake haikai na mpira. Timu inayomiliki mpira kwa asilimia 65 haimpi beki wake cha kuondosha. James Tarkowski wa Everton ni mfano wa aina hiyo: mipira ya juu yote ni yake. Mabeki wa pembeni hupokonya mipira zaidi lakini huondosha michache, kwa hiyo wengi wao huishia 6 au 7. Kuwa mwangalifu pia na wale wanaotolewa mapema. Kutoruhusu bao kunahesabiwa kwa aliyecheza dakika 60 au zaidi, na anayetoka dakika ya 58 anaondoka bila zile pointi 4.

Mabadiliko hayo yamewafufua hata viungo wakabaji. Kwa miaka mingi mtu wa aina ya Victor Wanyama, jinsi alivyokuwa Southampton na baadaye Tottenham, hakuwa na nafasi kwenye fantasy: alikuwa nguzo ya timu, na wiki hadi wiki anakupa pointi 2 na kadi ya njano. Leo kiungo kama huyo, anayeokota mipira katikati ya uwanja dakika zote 90, anakupa 4 mara kwa mara bila kukaribia goli. Huyo ni kiungo wa tano anayetosha kabisa, na mara nyingi yuko huru.

Penalti, na mstari wa kusubiri

Kwa kawaida timu hupata penalti 4 au 5 kwa msimu, na takribani 4 kati ya kila 5 hufungwa. Kwa kiungo, bao ni pointi 5, mshambuliaji 4, beki 6. Kiungo anayepiga penalti 5, akafunga 4 na kukosa 1, ana pointi 20 kutoa 2 za adhabu, bado hujahesabu bonasi. Pointi 18 hizo ndizo tofauti kati ya mchezaji wa raundi ya 12 na wa raundi ya 7.

Kumjua mpigaji wa sasa hakukupi faida yoyote. Kila mtu anamjua. Faida iko kwa anayemfuata. Bryan Mbeumo hakuwa mtu wa raundi za mwisho kabisa mwaka 2024, lakini hadithi yake inaonyesha njia. Ivan Toney alipokuwa amefungiwa hadi Januari 2024, aliyepiga penalti za Brentford alikuwa Mbeumo. Kisha Toney akarudi. Mwisho wa Agosti 2024 Toney akauzwa Saudi Arabia, na jibu la nani atapiga lilikuwa limeshaandikwa uwanjani mwaka mmoja nyuma. Mbeumo akafunga mabao 20 msimu ule. Pembeni yake Yoane Wissa, Mkongo ambaye watu waliendelea kumwona kama msaidizi wa Toney, akafunga 19. Mtu mmoja alipoondoka, wawili waligawana mali yake: mmoja penalti, mwingine nafasi ya katikati.

Kwa hiyo tengeneza karatasi ndogo kabla ya siku ya drafti. Timu 20, na mbele ya kila moja andika majina mawili: anayepiga penalti, na aliyepiga mara ya mwisho alipokosekana. Fanya hivyo hivyo kwa kona. Dirisha la usajili hufungwa ligi ikiwa imeshaanza, na karatasi hiyo itakufaa usiku ule wa mwisho kuliko makala yoyote.

Aliyeandikishwa beki, anacheza mbele

Kila msimu mchezo huamua nafasi ya mchezaji kabla ya ligi kuanza, na wakati mwingine kocha ana mawazo yake. John Lundstram wa Sheffield United, msimu wa 2019/20, aliandikishwa beki wakati akicheza kiungo na kupanda mpaka kwenye boksi. Alifunga mabao 5, na kila bao lilihesabiwa kwa bei ya beki. Stuart Dallas wa Leeds, msimu wa 2020/21, alifunga 8 akiwa kwenye orodha ya mabeki huku akizunguka uwanja mzima. Wote wawili walikuwa wa bei ya chini kwenye mchezo wa kawaida, na kwenye drafti walikuwa wakiokotwa mwishoni au baada ya drafti kwisha.

Kuwapata kunataka macho. Angalia mechi mbili za mwisho za kirafiki, zile ambazo kocha anapanga kikosi anachokikusudia, na usihangaike na nani amefunga. Tazama beki wa pembeni anasimama wapi timu ikiwa na mpira. Akiwa anasimama mstari mmoja na mawinga, huku kiungo akishuka kuziba nyuma yake, muandike. Na ukumbuke kwamba zawadi hii ina muda wake: Lundstram alihamishiwa kwa viungo msimu uliofuata, na thamani yake ikayeyuka.

Waliopanda daraja

Watu huzikimbia timu zilizopanda, na kwa mabeki wao wana haki. Timu zote tatu zilizopanda kwa 2023/24 zilishuka, na tatu za 2024/25 zikashuka vilevile. Lakini timu inayoshuka nayo hufunga mabao, na kwa kawaida hufungiwa na mtu mmoja. Luton walishuka mwaka 2024 wakiwa na Carlton Morris mwenye mabao 11. Ipswich walishuka mwaka 2025, na Liam Delap alifunga 12. Katika ligi ambayo mnagombania washambuliaji 24, namba 9 wa timu iliyopanda ambaye hana mpinzani wa namba ni chaguo zuri la raundi ya 11 au 12, zaidi ya straika wa akiba wa klabu inayocheza Ulaya. Jina la klabu kubwa ndilo linalodanganya watu wengi kwenye raundi hizi. Anayekaa benchi Manchester City anakaa benchi kama mwingine yeyote.

Kuhusu wachezaji majeruhi, kifupi tu. Benchi lako lina watu 4, mmoja ni kipa. Ukimweka anayerudi Novemba, umebaki na akiba wawili wa ndani kwa miezi mitatu. Mmoja anavumilika, tena awe ni yule ambaye angechukuliwa raundi ya 4 akiwa mzima. Wawili ni kujifunga kamba.

Ukiwa kwenye kiti, saa inakimbia

Tuseme mko 8 na umepata kiti cha 5, yaani wewe ni wa tano kuchagua raundi ya kwanza. Chaguzi zako za mwisho tano zitakuwa namba 85, 92, 101, 108 na 117. Kufikia hapo una kipa 1, mabeki 3, viungo 4 na washambuliaji 2. Umebakiwa na kipa, mabeki wawili, kiungo na mshambuliaji.

Kabla ya kuchagua namba 85, geuza macho kwenye vikosi vya wenzako. Kati ya 85 na 92 wanaochagua ni viti vya 6, 7 na 8 tu, kila mmoja mara mbili. Nafasi zina kikomo: mwenye washambuliaji 3 hawezi kuchukua wa nne. Kama hao watatu wote wameshajaza washambuliaji, yule namba 9 unayemtaka hana wa kumgusa mpaka zamu yako irudi. Mchukue kwanza kiungo, halafu mshambuliaji namba 92. Lakini ukifika 92, mambo yanageuka: kati ya 92 na 101 wanaochagua ni viti vya 1 hadi 4, mara mbili kila mmoja, chaguzi 8 nzima. Ukimwacha mtu hapo, umemwaga.

Watu wengi hawaangalii hili kabisa. Wanakodolea macho orodha ya wachezaji wakati jibu liko kwenye vikosi vya wenzao, ambavyo kila mtu anaruhusiwa kuviona.

Namba 101 na 108 ni mabeki wa kati wa aina iliyoelezwa. Mmoja awe wa kudumu. Wa pili ni kiti cha kupokezana: mchukue ambaye ratiba yake ya mechi 4 za kwanza ni laini, ukijua utamwacha mwezi Septemba. Usichukue wawili wa timu moja na kipa wako. Siku timu hiyo ikifungwa 4, kila mmoja wa watatu hao anakatwa pointi 2, na wiki yako imekwisha.

Namba 117 ni kipa wa pili. Hata wa kwanza hana haja ya kuchukuliwa kabla ya raundi ya 9 au 10, maana makipa wanaoanza hawatofautiani kama washambuliaji wanavyotofautiana, na wa timu dhaifu hujipatia pointi 1 kwa kila mashuti 3 anayookoa. Msimu wa 2024/25 tuzo ya glavu ya dhahabu waligawana David Raya wa Arsenal na Matz Sels wa Forest, kila mmoja akiwa na mechi 13 bila kuruhusu bao. Raya alikwenda mapema kwenye drafti nyingi. Sels hakuwa na wa kumtaka. Mkiwa 12, hata hivyo, usisubiri hivyo: pale makipa wanaoanza hawatoshi, na wawili wako wote wanapaswa kuwa mkononi kabla ya raundi ya 13.

Jambo la kiufundi ambalo limewaumiza wengi: mtandao ukikatika zamu yako ikifika, mfumo hukuchagulia. Unaanza na wale uliowaweka kwenye orodha yako ya kufuatilia, na usipokuwa nayo unachukua aliye juu kwenye orodha ya mchezo. Yaani unakupa hasa aina ya mchezaji tuliyotumia makala nzima kumkwepa. Jaza majina 40 kwenye orodha yako, uyapange kwa mpangilio, asubuhi ya siku ya drafti.

Wiki ya kwanza baada ya drafti

Mchezaji wa raundi ya mwisho ni wa mkopo. Mpe mechi 3. Ukiona katika mechi hizo ameanza moja tu, mwache bila huruma, hata kama alifunga ile aliyoanza. Asiyefunga lakini anaanza zote, anapiga mashuti mawili au matatu ndani ya boksi kila mechi, huyo mshike kwa mikono miwili, maana mabao yanakuja na wenzako wanamvizia.

Wachezaji wasio na mwenyewe hugombewa kwanza kwa maombi, na aliye mkiani mwa msimamo ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Maombi hushughulikiwa saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa wiki ya mchezo, na muda huo wa mwisho ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Baada ya hapo, aliyebaki ni wa atakayewahi. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, mechi ya Ijumaa ya Agosti inayoanza saa 4 usiku hufunga vikosi saa 2:30 usiku, na maombi hukatwa Alhamisi saa 2:30 usiku. Wiki inayoanza na mechi ya Jumamosi saa 8:30 mchana, maombi yanakatwa Ijumaa saa 7 mchana, wakati watu wengi wako kazini au msikitini. Uingereza wakirudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ongeza saa moja kwenye hesabu zote hizo.